Rangi ya Kioo Kilichopinda

Ni utando mwembamba wa wino usiopenya nuru, upakwao upande wa ndani wa kioo cha simu au saa ili kusitiri nyaya na kuzuia mwanga usivuje pembezoni. Kwa kuwa uchapaji wa wavu uliozoeleka katika kioo bapa hauafiki mpindo, kama ule wa simu ya Samsung Galaxy S6 edge ya mwaka 2015, mafundi huunyunyiza wino au huupiga kwa muhuri laini wa silikoni. Rangi za unga wa kioo na oksidi za metali, zichomwazo tanuruni kwa nyuzi 500 za selisiasi na zaidi, hudumu mno; walakini joto hilo hudhoofisha kioo kilichoimarishwa kwa chumvi ya potasiamu, na kwa sababu hiyo wino wa resini, ukaukao kwa joto dogo, hukhitariwa.