Mvua, Pamba na Ada: Kalenda Mbili Zisizopatana

 Leo naacha mbegu na viuatilifu kidogo, tuangalie kalenda ya mvua na kalenda ya shule.

Shule hufunguliwa Januari. Mwezi huo pamba yako bado inapaliliwa, ghala linaelekea kwisha, na fedha ya pamba utaiona Juni au Julai. Tangu enzi za Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika ulioanzishwa 1955 chini ya Paul Bomani, wazee wetu walisomesha kwa pamba. Mvua ikikosea msimu huu, mtoto huyumba Januari inayofuata.

Na imekosea mara nyingi. Mwishoni mwa 1961, tulipopata Uhuru, ilinyesha kupita kiasi, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Kisha ukame wa 1973 hadi 1975. Bahati ada ya shule ya msingi ilifutwa 1973, njaa ile haikuja na deni la ada. Miaka ya 1980 ada ikarudi, na El Nino ya 1997/98 ikatukuta nayo. Maji yalisimama kwenye pamba yetu ya bondeni. Januari 1999 kaka yangu wa darasa la sita alikwenda mwaloni kuanika dagaa, "kwa muda tu". Hakurudi darasani.

Ada ilifutwa tena 2001, na 2016 hadi kidato cha nne. Lakini sare, daftari na chakula ni juu yako. Mwaka 2020 ziwa lilifikia tena kiwango cha 1964, na shule zilifungwa kwa korona kuanzia Machi 17 hadi Juni 29. Kwenye kata yangu wapo vijana waliozoea fedha ya mwaloni miezi ile.

Sasa fanya hivi. Ukiuza pamba, tenga fedha ya Januari siku hiyohiyo, kabla hujapita mnadani. Kama una udongo mweusi wa mbuga, panda dengu mvua zikielekea kuisha. Unyevu uliobaki unazitosha. Anika michembe ya kutosha, usinunue unga Januari.

Nawe mwenye dagaa, mwanafunzi akiomba kibarua mpe cha Jumamosi. Jumatatu tafuta mtu mzima.