Bendi Iliyokataa Kubadili Jina Lake

Wewe uliye darasani, sogea karibu na wenzako; nawe usomaye karatasi hii nyumbani, soma polepole, tena kwa sauti. Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za ndugu watatu, santuri moja, na jina moja.

Mji wa Detroit uko Marekani, upande wa kaskazini. Ulipata sifa kwa viwanda vyake vya motokaa, tena kwa muziki. Mwaka 1959 Bwana Berry Gordy alianzisha huko kampuni ya santuri iitwayo Motown, na nyimbo tamu za waimbaji wake weusi zilienea duniani kote. Kwa hiyo, kijana mweusi wa Detroit aliposhika gitaa, watu walidhani wamekwisha jua atapiga nini.

Katika mji huo walikulia David, Bobby na Dannis Hackney, watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Mwaka 1964 baba yao aliwaketisha mbele ya televisheni wawatazame Beatles, vijana wa Kiingereza. Siku ya pili yake David aliokota gitaa lililotupwa kichochoroni, akaanza kujifunza. Hatimaye wakaunda bendi: David akapiga gitaa, Bobby gitaa la besi na kuimba, na Dannis ngoma.

Kwanza walipiga fanki, muziki wa kuwachezesha watu. Kisha wakasikia bendi za roki zenye kishindo, wakageuza njia. Nyimbo zao zikawa za mbio, gitaa likanguruma, ngoma zisipumzike. Muziki wa namna hii ndio ulioitwa panki. Vitabu vingi husema panki ilitoka New York na London. Bendi ya Ramones ya New York ilitoa santuri yake ndefu ya kwanza mwaka 1976. Lakini ndugu hawa walirekodi nyimbo zao mwaka 1975, wala hakuna aliyewajua.

Kwa sababu gani hawakujulikana? Sababu moja ni jina. Baba yao aliuawa barabarani na dereva mlevi. David aliliwaza jambo hilo sana, akaamua bendi iitwe Death, yaani Mauti. Hakutaka kuwatisha watu. Alitaka kulichukua neno baya na kuligeuza liwe jema, maana aliona mauti ni safari ya kila mtu. Sisi tusishangae sana. Kwetu mtu huitwa Shida, au Tabu, au Masumbuko, na watu humwita kwa furaha.

Mwaka huo wa 1975 waliingia studio ya United Sound, Detroit, wakarekodi nyimbo 7. Ndugu hao husimulia ya kuwa Bwana Clive Davis, mkubwa katika biashara ya santuri, alikuwa akiwasaidia kwa fedha, lakini alitaka wabadili jina. David akakataa. Ndugu zake, ingawa walitamani santuri itoke, wakasimama naye kwa kuwa alikuwa mkubwa wao. Msaada ukakoma. Mwaka 1976 wakatoa santuri ndogo kwa fedha zao wenyewe, nakala 500 tu, yenye wimbo uitwao Politicians in My Eyes, unaowasema wanasiasa. Haikuenda mbali. Mwaka 1977 Mauti ilikuwa imekwisha.

Ndugu wote watatu wakahamia Burlington, katika jimbo la Vermont, wakapiga muziki wa dini. Mwaka 1982 David akarudi Detroit. Bobby na Dannis wakabaki, wakaunda bendi ya rege. Kabla ya kufa, David aliwakabidhi ndugu zake kanda za nyimbo zile, akawaambia wazitunze, kwa kuwa iko siku dunia itakuja kuziulizia. Alikufa mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu.

Miaka ikapita. Watu wanaokusanya santuri za zamani wakaanza kuitafuta santuri ile ndogo na kuilipia mamia ya dola. Kisha mmoja wa wana wa Bobby akausikia wimbo ule mahali pa starehe, akaitambua sauti ya baba yake! Bobby alikuwa hajapata kuwaambia wanawe habari za bendi ile. Mwaka 2008 wanawe wakaunda bendi ya kuzipiga nyimbo za baba na baba mkubwa zao. Mwaka 2009 kampuni ya Drag City ikatoa nyimbo zote 7, na Bobby na Dannis wakapanda tena jukwaani. Mwaka 2012 ikatoka filamu ya habari zao.

Mimi mwenyewe nazipenda nyimbo hizi. Ni fupi, hazina mapambo, na kila mpigaji anamsikiliza mwenzake, kama ndugu waliozoea kulala chumba kimoja.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Ni kweli, kanda hazikuoza. Lakini aliyeziweka alikuwa kaburini kwa miaka 9 zilipotolewa. Basi alikuwa na haki ya kukataa, au alijinyima bure, yeye na nduguze? Mimi sitawajibia. Jadilianeni.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini David aliiita bendi yake Mauti?

2. Kama ungalikuwa Bobby au Dannis, ungalimfuata kaka yako, au ungalimshauri akubali? Toa sababu.

3. Andika sentensi tano juu ya kitu ambacho mzee wa nyumbani kwenu alikitunza kwa miaka mingi.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.