Nyota ya Hesabu na Nyota ya Macho: Maelezo Mafupi kuhusu Funzi

Pwani ya kusini ya Mombasa, kama kwingineko Uswahilini, husemwa kwamba nyota ya fulani imefifia, au nyota za wachumba hazipatani. Usemi huu umewafanya wengi kudhani kwamba mbinguni mna ujumbe wa siri usomwao na wajuzi wa falaki peke yao. Na kwa kuwa watu wa Funzi, kisiwa kilicho kusini ya Msambweni, hujinasibu na Shirazi, ni rahisi kusema kwamba elimu yao ya nyota nayo yote ilivuka bahari pamoja na nasaba hiyo.

Tuitazame kazi yenyewe. Mwenye falaki atafutaye nyota ya mtu hatazami juu. Huchukua jina la mtu huyo na la mamaye, akazigeuza herufi zake za Kiarabu kuwa tarakimu kwa hisabu ya abjadi, akajumlisha, kisha akagawa kwa 12. Ali ni 110, Fatima ni 135. Jumla ni 245, na baki ni 5. Basi Ali wa Fatima ni Asadi, buruji ya tano. Usiku uwe na mawingu au usiwe nayo, jawabu ni lile lile. Siri imo katika herufi. Aliyezijua aliimiliki, na asiyezijua aliilipia.

Kilimia ni habari nyingine. Jina hili latokana na kitenzi -lima, na Wazulu, ambao hawana nasaba ya Shirazi, huliita kundi hilo hilo isiLimela. Waarabu husema Thurayya, Waajemi Parvin. Wala hakuna lililoling'oa neno letu. Sababu si ngumu kuiona. Mwaka wa mwezi mwandamo hupungukiwa na siku 11 hivi kila mwaka, hivyo haumwambii mkulima lini apande. Kilimia huzama magharibi masika yakianza, kikapotea katika mwanga wa jua mwezi wa Mei, kikazuka alfajiri mwezi wa Juni, kusi ikivuma. Hili huonwa na kila mwenye macho.

Nairuzi, kweli, ni neno la Kiajemi. Lakini siku zake 365 zilihesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, na neno hilo ni la Kibantu (msomaji asilichanganye na mwongo wa waongo, ingawa wapiga ramli wamewasogeza karibu). Kwa kukosa siku ya nyongeza, hesabu hiyo huhama siku 1 kila miaka 4. Ndiyo maana Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, huwa Julai, ilhali Waajemi wenyewe husherehekea mwaka wao mpya Machi.