Kutoka Herufi hadi Silabi: Historia ya Kidokezo cha Fumbo na Funzo Lake kwa Kiswahili

Makala hii inachunguza chimbuko la kidokezo cha fumbo katika chemshabongo za maneno za Kiingereza. Inadai kwamba kanuni zake zinaifaa lugha ya Kiswahili, ila kipimo chake cha msingi, yaani herufi, hakiifai.

Chemshabongo ya kwanza ya aina hii ilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ikachapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Vidokezo vyake vilikuwa fasili za kawaida. Ni nchini Uingereza, katika miaka ya 1920, ambako kidokezo kiligeuzwa kuwa fumbo, hasa na Edward Powys Mathers, aliyetunga katika The Observer kuanzia 1926 kwa jina la Torquemada. Mrithi wake, Derrick Somerset Macnutt, aliyejiita Ximenes, alizifafanua kanuni katika kitabu chake cha 1966: kidokezo kiwe na fasili sahihi, kionyeshe kwa haki namna jibu linavyoundwa, na kisiwe na neno la ziada. Mfumbuaji anaweza kupotezwa njia, lakini hadanganywi.

Ufundi huo hutegemea kupangua herufi. Waswahili nao walikuwa na ufundi wao kabla ya hapo. Katika A Handbook of the Swahili Language, kitabu kilichochapishwa London mwaka 1870, Edward Steere aliweka sampuli za kinyume kutoka Zanzibar. Katika mchezo huo silabi ya mwisho hutangulizwa: nyumba huwa mbanyu. Anayecheza hahitaji kujua tahajia. Sikio lake linatosha.

Tuchukue kidokezo nilichokitunga kwa ajili ya hoja hii: "Lima kinyume upate utajiri (silabi 2)." Fasili ni utajiri; neno kinyume linaagiza kitendo; li-ma inakuwa ma-li. Jibu ni MALI. Kanuni zote za Ximenes zimetimizwa. Lakini tukiligeuza neno lilo hilo herufi kwa herufi, tunapata amil, ambalo si neno la Kiswahili.

Tofauti hii ina uzito wa kisera. Mtoto huanza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu. Kisha chemshabongo ya kitabuni humtaka aivunje nya katika miraba mitatu, na kuigawa sauti moja, ny, katika miraba miwili. Wajapani wamekwisha kuonyesha njia nyingine: katika chemshabongo zao kila mraba hubeba alama moja ya kana, si herufi moja.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba waandaaji wa vitabu vya kiada na wahariri wa magazeti katika ukanda wetu wajaribu mraba wa silabi, pamoja na vidokezo vinavyotumia kinyume. Haki kati ya mtunzi na mfumbuaji tuiazime kwa Ximenes. Kipimo tunacho tayari katika lugha yetu.