Droni za dawa: visiwa vyetu vyazihitaji, lakini damu itoke wapi?



Miaka michache iliyopita, katikati ya msimu wa kusi, mpwa wangu alijifungua usiku katika kisiwa kimoja cha Lamu Mashariki. Mtoto alitoka salama, lakini mama akaanza kuvuja damu. Muuguzi alifanya kila aliloweza. Kituoni hapakuwa na damu hata mfuko mmoja. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imekaa juu ya mchanga, na huko nje bahari imechafuka. Tulingoja karibu muda wa saa nne maji yajae, ndipo nahodha akakubali kutoka. Alhamdulillahi, mpwa wangu alipona. Lakini hakuna mtu wa visiwani asiyemjua mwanamke ambaye hakupona.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Damu inayomwagika haina subira.

Ndiyo maana nimekuwa nikifuatilia habari za droni, yaani ndege zisizo na rubani ndani yake. Wengi wetu tunazijua kwa mambo mawili: kupiga picha za harusi na shughuli za wanajeshi. Leo nataka tuzungumze juu ya kazi yake ya tatu, ya kupeleka damu na dawa za dharura.

Nchi iliyotangulia kwa hili ni Rwanda. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo chake cha Muhanga. Ndege yenyewe ina mabawa, na hurushwa kwa mtambo unaoifyatua mfano wa manati. Huenda kwa mwendo wa kilomita 100 hivi kwa saa, ikiwa na mzigo usiofika kilo mbili. Haitui hospitalini. Ikifika hushuka kidogo, huachia boksi lenye parachuti, kisha hugeuka kurudi ilikotoka. Muuguzi hutoka uani akaliokota.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la tiba la The Lancet Global Health ulionyesha kuwa kwa wastani mzigo ulifika kwa dakika 50 hivi, ikiwa ni zaidi ya saa moja kabla ya gari. Jambo la pili lilinivutia zaidi: damu iliyokuwa ikiharibika hospitalini kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Sababu yake ni rahisi. Kila hospitali ndogo ikiweka akiba yake ya kila aina ya damu, nyingine hukaa mpaka ikaharibika. Akiba ikiwekwa pamoja, kila mmoja huletewa anachohitaji wakati anapokihitaji.

Ghana ilifuata mwaka 2019. Hapa Kenya kampuni hiyo hiyo ina kituo Chemelil, kaunti ya Kisumu.

Lakini mfano unaofanana zaidi na sisi uko kwa jirani zetu Tanzania. Mwaka 2018 ilitangazwa kuwa droni ilijaribiwa kwa miezi sita kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Ilivuka kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Droni hiyo ilikuwa ikipaa na kutua wima, kwa hiyo iliweza pia kurudi na sampuli za damu za kupimwa maabara. Sasa tupige hesabu zetu. Kwa mstari wa moja kwa moja angani, kutoka mji wa Lamu hadi Faza hakufiki kilomita 40. Hadi Kiunga hakufiki kilomita 100.

Kwenye maafa, droni ina kazi nyingine: kuona. Kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, droni zilitumika kupiga picha za maeneo yaliyoharibiwa ili waokoaji wajue pa kuelekea. Zanzibar nako, kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa ramani kwa droni, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafunzwa kazi hiyo. Sisi mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalitukuta vipi? Mto Tana ulifurika, vijiji vikazingirwa na maji, na barabara ya Garsen kuja Lamu ikakatika. Picha za angani zilizopigwa mapema zingeonyesha ni kijiji gani kimezingirwa na njia ipi bado yapitika.

Hata hivyo, tusidanganyane. Droni haibebi mgonjwa, kwa hiyo boti ya wagonjwa bado ni lazima. Upepo mkali na mvua kubwa huizuia, na kusi letu sote twalijua. Haimtibu mtu, lazima awepo mhudumu aliyefunzwa kuongeza damu, na vifaa vya kuhakikisha damu yalingana. Vilevile hairushwi ovyo. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za ndege zisizo na rubani, na kibali hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kwa hali ya usalama ya Lamu, jeshi litataka kujua kila safari, na wananchi nao wana haki ya kuelezwa ni ndege gani inayopita juu ya paa zao na kama ina kamera.

La mwisho ndilo zito zaidi. Damu haitengenezwi kiwandani. Ikihifadhiwa vizuri kwenye baridi, chembe nyekundu hukaa siku 42 kwa wingi. Chembe za kugandisha damu ni siku tano tu. Ikiwa hazina ya damu ni tupu, droni itapaa bila kitu. Na hazina hujazwa na mimi na wewe, si mgonjwa akishalazwa na jamaa wakaanza kupigiana simu.

Basi kiongozi akija na ahadi ya droni, tumsikilize, kisha tumuulize matatu. Damu na dawa zitahifadhiwa wapi? Nani atazipokea kisiwani saa nane za usiku? Na fedha za wafadhili zikiisha, kaunti itaendelea kulipa?

Sisi nasi tuna la kuanza nalo bila kungoja ndege yoyote. Kamati za misikiti zikubaliane na hospitali kuwe na siku maalumu za kutoa damu baada ya Ijumaa, mara kadhaa kwa mwaka. Mimi nilianza mwaka ule ule mpwa wangu alipopona. Haichukui hata saa moja.