Boit wa Nagano anastahili ukurasa wake

Tarehe 12 Februari inajulikana kwenye kilima cha Salaita kwa sababu ya vita. Siku hiyo mwaka 1916 majeshi ya Uingereza, yakiwa na kikosi kipya cha askari waliotoka Afrika Kusini, yalikishambulia kilima hicho kilichoko kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta. Walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa na Wajerumani, ambao walikuwa wameishikilia Taveta tangu Agosti 1914. Vita hivyo vina makaburi yanayotunzwa, vitabu vilivyoandikwa na watalii wanaokuja kutazama mahandaki. Lakini tarehe hiyo hiyo, miaka 82 baadaye, Mkenya mmoja alifanya jambo ambalo hakuna Mkenya aliyewahi kulifanya kabla yake. Tarehe 12 Februari 1998, katika viwanja vya Hakuba karibu na Nagano, Japani, Philip Boit alikimbia kilomita 10 juu ya skii na kuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi. Tukio hili, kila linapotajwa nchini, hutajwa kama kichekesho. Si haki. Lilikuwa jaribio la kweli la michezo, lililofanywa na mwanamichezo wa kweli, na kumbukumbu zake zinaonyesha hivyo.

Wapo wanaosema theluji si yetu, kwa hiyo historia yake pia si yetu. Hoja hii ingekuwa na uzito zaidi kama isingesemwa katika nchi ambayo watu wa Taveta wakiamka asubuhi isiyo na mawingu huiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa na kilemba chake cheupe. Na skii zilifika huko mapema sana. Mwaka 1912, Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kuteremka kwa skii sehemu ya mlima, miaka minne kabla ya mizinga kunguruma Salaita. Tangu mwaka huo zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka, kwa hiyo hakuna anayedai kwamba tujenge uwanja wa skii huko juu. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kuiita theluji kitu cha wageni wakati mto Lumi na chemchemi zinazoinywesha Taveta zinatokana na mlima huo huo.

Boit mwenyewe hakukulia chini ya Kilimanjaro. Alizaliwa mwaka 1971 upande wa Eldoret, katika ukoo wa wakimbiaji: Mike Boit, aliyeshinda medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ni mjomba wake. Philip naye alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati. Mwaka 1996 kampuni ya viatu ya Nike ilimpeleka Finland pamoja na mwenzake Henry Bitok, ili kuona kama pumzi na miguu ya mkimbiaji wa Bonde la Ufa vinaweza kugeuzwa kuwa vya mwanaskii. Kwa masimulizi yake kwa waandishi wa habari, hakuwa amewahi kuiona theluji kabla ya hapo. Miaka miwili tu baadaye alisimama kwenye mstari wa kuanzia pamoja na watu waliofungwa skii miguuni kabla ya kujua kusoma.

Mbio zenyewe zinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana ndizo zilizozua ubishi. Hali ya hewa siku hiyo ilikuwa mbaya, mvua ikinyesha juu ya theluji laini iliyokuwa ikiganda chini ya skii, na hakuna kinachomtesa mwanaskii asiye na uzoefu kama hicho. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alimaliza wa 92 na wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25.5, yaani dakika 20 kamili na sekunde moja nyuma ya mshindi. Waandaaji walitaka kuanza hafla ya medali. Dæhlie akakataa kuondoka eneo la mwisho mpaka Mkenya afike. Alipofika alimkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na urafiki wa wawili hao umeandikwa zaidi na magazeti ya Ulaya kuliko yetu. Watu huisimulia hadithi hii kama hadithi ya huruma ya mshindi. Mimi naiona vingine. Dæhlie, aliyestaafu akiwa na dhahabu 8 za Olimpiki, alikuwa miongoni mwa watu wachache duniani waliojua hasa kilomita hizo 10 zinadai nini mwilini. Aliyemsubiri Boit kwenye mvua alikuwa mtaalamu wa kazi ile, na hukumu ya mtaalamu ina uzito kuliko kicheko cha anayetazama televisheni.

Pingamizi kubwa ni kwamba Olimpiki si mahali pa mtu wa mwisho. Ubishi huu ulikuwa mkali tangu Calgary mwaka 1988, Mwingereza Michael Edwards aliporuka kwa skii na kushika nafasi ya mwisho katika mashindano yake, akapendwa na umati na kuwaudhi viongozi wa michezo. Baada ya hapo masharti ya kufuzu yalikazwa. Nakubali kwamba lazima pawe na kiwango. Lakini Boit hakupita mlango wa nyuma: alikimbia chini ya kanuni zilizokuwapo, na kanuni zilipomshinda, kama ilivyotokea alipoikosa Vancouver mwaka 2010, alibaki nje kama mwingine yeyote.

Pingamizi la pili ni kwamba lote lilikuwa tangazo la biashara. Ni kweli kampuni ilianzisha, na haikufanya hivyo kwa sadaka. Lakini kampuni ilipojiondoa, Boit hakuondoka. Alirudi Salt Lake City mwaka 2002 na Turin mwaka 2006, na huko hakuwa wa mwisho tena: palikuwa na wenzake nyuma yake. Alikuwa bado anashindana katika mashindano ya dunia ya Oslo mwaka 2011, akikaribia umri wa miaka 40. Tangazo haliendelei kwa zaidi ya miaka kumi baada ya mlipaji kuondoka.

Baada yake habari ni chache. Mwaka 2018, miaka 20 tangu Nagano, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, alikuwa Mkenya wa kwanza wa kike kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi, kule Pyeongchang. Mwaka 2014 na 2022 Kenya haikuwa na mtu. Wanaouliza kama nchi yenye mahitaji mengi igharamie skii wanauliza swali la haki, na jibu langu ni kwamba kutunza kumbukumbu hakuhitaji bajeti ya timu. Boit yuko hai na anaweza kuulizwa. Vyuo vyetu vikuu vinavyofundisha sayansi ya michezo, pamoja na Makumbusho ya Taifa, wamfuate sasa, wayarekodi masimulizi yake kwa Kinandi na kwa Kiswahili, na wazitafute skii alizovaa Nagano kabla hazijapotea.