Steringi na Mpagazi

Wapenzi wa sinema katika nchi zetu wana neno lao moja ambalo kila mtoto alilijua: steringi hafi. Maana yake ni kwamba mtu mkuu wa mchezo, aitwaye steringi, aweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni na kuzingirwa na bunduki mia, lakini mwisho wa picha atasimama hai, na adui zake watakuwa wamelala. Neno hili lina ucheshi, tena lina kweli yake. Lakini nyuma yake pana swali ambalo sikulijua mpaka lilipoulizwa na mtu ambaye hakuwa mpenzi wa sinema.

Nilikuwa kijana huko Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu, katika miaka ya 1990. Zama hizo video iliendeshwa kwa jenereta ndani ya banda la mabati, nasi tulilipa kiingilio chetu na kubanana juu ya mabenchi, tumejifunika mashuka kwa ajili ya baridi. Jioni moja ilionyeshwa Commando, filamu ya mwaka 1985, ambamo Arnold Schwarzenegger aingia peke yake kisiwani na kuangamiza jeshi zima. Karibu yangu aliketi mzee mmoja aliyekwenda Uganda katika vita vya mwaka 1978 na 1979. Alitazama kimya mpaka mwisho. Tulipotoka nje tulimwuliza, kwa kiburi cha ujana, ameionaje picha ile. Akajibu kwa upole: "Huyu bwana ni hodari, wanangu. Lakini mzigo wake kaubeba nani?"

Tulicheka sana. Leo, baada ya miaka mingi, sicheki tena. Nakusudia katika insha hii kulichukua swali la mzee yule na kulipeleka mbele ya filamu za vita na za mapigano zilizogusa nchi zetu, nione ni nani aliyeonyeshwa na ni nani aliyefichwa. Nasema kama mpenzi wa sinema, wala si kama mshitaki wake.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba sinema haikuletwa kwetu kuwa burudani tu. Ililetwa pia kuwa mwalimu, tena mwalimu asiyewaamini wanafunzi wake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walisimamia jaribio la kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo juu ya kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Filamu hizo zilipakiwa katika lori na kuzungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake. Mwaka 1939, vita vikuu vya pili vilipoanza, serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni ili kuwahimiza raia wake waunge mkono vita. Mkuu wa idara hiyo, William Sellers, alishika kanuni kwamba picha za Waafrika ziende polepole, zisirukeruke, wala zisiwe na ujanja wa kamera, kwa kuwa alidhani mtazamaji wa Kiafrika hawezi kuzifuata.

Ajabu ni kwamba miaka hiyo hiyo watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuizoea sinema. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu miaka ya 1920, na watazamaji walizifuata mbio za farasi na risasi bila kufundishwa na mtu. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kijana mmoja mtumishi wa ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, aliigiza katika filamu za Kiswahili, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu. Msomaji alishike jina hilo, maana tutakutana nalo tena, na safari hiyo si katika mchezo.

Baada ya uhuru, mapenzi ya vijana yalielekea zaidi kwenye filamu za mapigano. Django ya Sergio Corbucci ilitoka mwaka 1966, na Bruce Lee alikuja na The Big Boss mwaka 1971 na Enter the Dragon mwaka 1973. Wako wazee waliosema kwamba vijana wanapenda damu. Mimi nadhani walikosea. Django anaingia mjini kwa miguu, matopeni, akiburuta jeneza lake kwa mkono wake mwenyewe, na ndani ya jeneza mna silaha yake. Katika The Big Boss, Bruce Lee ni kijana maskini aliyekwenda nchi ya Thailand kutafuta kazi. Anabeba barafu kiwandani, na ndani ya barafu ile tajiri wake anaficha dawa za kulevya, na wafanyakazi wanaoigundua siri wanauawa. Basi kwa swali la mzee wa Nambis filamu hizi mbili zina jibu: mzigo umebebwa na steringi mwenyewe. Kwa sababu hiyo naziweka juu ya Commando, ingawa hiyo ya mwisho ina mizinga mingi zaidi. Mtazamaji aliyetoka kwenye kazi ya kuli alimwona mwenzake juu ya pazia, akafurahi.

Ama kuhusu filamu zilizofika karibu na kwetu, hapana budi kutaja Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962. Ilipigwa Tanganyika, mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961, katika nchi ya Arusha na Ngorongoro na Manyara, ambayo ni majirani wa milima yetu. Kwa upande wa mbio na ushujaa, sijaona nyingi zinazoishinda. John Wayne na wenzake walipanda magari na kuwafukuza vifaru na twiga walio hai, na hatari ya jina lake ni hatari kweli. Lakini tazama nyuma ya gari. Waafrika wamo, wameshika kamba, wanaruka chini mnyama akamatwapo, wanafunga, wanapakia, wanaondoka. Hawana habari yao wenyewe. Filamu ilipofika katika majumba ya sinema, nchi ile ilikuwa imekwisha kujitawala tangu tarehe 9 Desemba 1961, nao waliofunga kamba walikuwa raia wa dola. Jina la filamu ni la Kiswahili. Wenye Kiswahili chao hawakupewa la kusema.

Hatari! ilikuwa mchezo wa uwindaji, na kosa lake laweza kusameheka. Katika filamu za vita jambo huwa zito zaidi, kwa kuwa vita vina wafu. Chukua The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951, iliyopigwa Kongo na Uganda. Hadithi yaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Askari wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Kisha Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanapanda mashua kuukuu na kuteremka mtoni kwenda kuizamisha manowari ya Kijerumani ziwani. Naipenda filamu hii, wala siwezi kusema uongo. Wachezaji wake wawili ni mahodari kweli kweli. Lakini wanakijiji wale walikwenda wapi? Kamera haikuwafuata. Ikafuata mashua.

Historia iliwafuata, nayo ina habari. Katika vita vile, vilivyoanza mwaka 1914 na kwisha huku kwetu Novemba 1918, magari yalikwama na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, basi chakula na risasi zikapanda vichwani mwa watu. Yakadiriwa kwamba upande wa Waingereza na washirika wao peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wakaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam umepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo. Hata manowari ya ziwa Tanganyika ina habari iliyo tofauti na ya Huston. Mwaka 1915 Waingereza walizipeleka mashua mbili ziitwazo Mimi na Toutou kwa nchi kavu, kupita Kongo na milima yake, na waliokata miti na kutengeneza njia walikuwa vibarua wa Kiafrika kwa mamia. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, haikuzamishwa na wapenzi wawili. Wenyewe waliizamisha mwaka 1916 walipokuwa wakirudi nyuma. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, nayo ikaitwa Liemba. Twajua majina ya mashua na ya meli. Wenye kutengeneza njia hatuwajui. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi; lakini nyasi hazina steringi.

Pengine msomaji atasema kwamba sinema ni mchezo, na mchezo hauna deni kwa historia. Jibu lake lilitolewa na Waingereza wenyewe. Mwaka 1945 Marekani ilitoa filamu iitwayo Objective, Burma!, ambamo Errol Flynn na kikosi cha Wamarekani wanapigana katika misitu ya Burma. Ilipoonyeshwa Uingereza watu walikasirika kwa kuona jasho la askari wao limefutwa, na filamu ikaondolewa. Haikurudi mpaka mwaka 1952. Basi wao pia walijua uchungu wa kuachwa nje ya picha. Lakini katika Burma ile ile, mwaka 1944, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katikati ya mvua na malaria mpaka ikafika mto Chindwin. Askari hao walitoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland. Katika ugomvi ule wa Waingereza na Wamarekani, jasho lililogombewa halikuwa lao. Kweli, asiyekuwapo na lake halipo.

Narudi sasa kwenye vita vya mzee wangu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Tanzania ilijibu, ikakusanya askari na wanamgambo kutoka mikoa mbalimbali, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imetekwa. Waziri wa Ulinzi wakati huo alikuwa Rashidi Kawawa, yule yule mwigizaji wa Muhogo Mchungu. Safari hii hapakuwa na mtu wa kusema picha irudiwe. Sehemu kubwa ya jeshi ilikwenda kwa miguu, mamia ya maili, na silaha na masanduku ya risasi vilikwenda nao.

Filamu iliyopendwa sana juu ya zama hizo ni ile ya Sharad Patel ya mwaka 1981 juu ya kupanda na kuanguka kwa Amin, ambamo Joseph Olita wa Kenya aliigiza dikteta huyo kwa ustadi mkubwa. Iliangaliwa kwa hofu na vicheko pamoja, ikapita kutoka mkono hadi mkono katika kanda za video. Macho yake, hata hivyo, yamemkazia Amin. Miaka ishirini na mitano baadaye, Forest Whitaker alipata tuzo kubwa kwa kumwigiza Amin huyo huyo. Tanzania ilitengeneza filamu yake ya habari, Vita vya Kagera, nayo ni hazina. Lakini filamu ya hadithi iliyomfuata mwanamgambo mmoja kutoka shambani kwake mpaka Kampala, na kumrudisha, sijaiona katika mabanda yetu. Yaani katika vita ambavyo sisi tulishinda, steringi wetu ni adui.

Je, watazamaji wetu hawana nguvu ya kurekebisha jambo hili? Nguvu wanayo. Katika mabanda ya video walitokea wasimuliaji, kama Lufufu aliyejulikana sana Dar es Salaam, waliozichukua filamu za kigeni na kuzisimulia kwa Kiswahili, wakieleza, wakitania, wakiongeza, na watu wakiitikia. Sellers angalikuwa hai angaliona kanuni zake zikivunjika mbele ya macho yake. Wala jambo hilo si geni Mbulu. Wairaqw wana slufay, maombi ya heshima ambayo kiongozi huyatamka na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja. Ukimya wa wasikilizaji si adabu pale, kwa kuwa neno halikamiliki bila itikio. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kukaa mbele ya picha kama gogo. Mzee wa Nambis alipouliza habari ya mzigo alikuwa akiitikia.

Kosa lilikuwa letu sisi vijana, kwa kuwa hatukumwitikia yeye. Tulijua idadi ya watu waliouawa na Schwarzenegger katika picha moja. Hatukujua mzee yule alipita njia gani, alibeba nini, wala ni nani aliyeachwa njiani kati ya aliokwenda nao. Sasa amefariki, na nilikuwa na miaka mingi ya kumwuliza.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1978 leo amepita sitini na tano. Wako bado Nambis, Mbulu, Hanang na kila wilaya. Wanafunzi wetu wa historia wana vyombo vya kunasa sauti na picha mifukoni mwao, vyepesi kuliko vyote vilivyowahi kupakiwa katika lori za Vugiri. Waendelee kuzipenda filamu za mapigano, kama nizipendavyo mimi. Lakini kabla ya kuingia bandani, wapite kwanza kwa mzee wa jirani, wakae, wamwamkie, na wamwulize mzigo wake ulikuwa nini.